Mluzi wa Misigalo

Masikio-pori elfu nne, vinasa sauti vya msituni, yalining'inia kwenye miti ya miyombo kusini mwa Tabora, kila moja dogo kama kifuniko cha chupa, yakisikiliza mfululizo. Mashine ilikusanya kila sauti. Milio ya magari, bunduki na misumeno iliitambua yenyewe. Sauti iliyoishinda iliikata kipande cha dakika moja, ikakirusha kwenye simu za wananchi waliojiandikisha kulinda tembo: walimu, wauza mitumba, wapishi wa shule. Watatu wakikubaliana kwamba ni jangili, nyigu-doria, droni ndogo ya ulinzi, huruka na kumchoma mtu huyo sindano ya usingizi.

Mmoja wao, Nyanzala, fundi cherehani, alihesabiwa peke yake kama watu watatu, maana miaka sita hakuwahi kukosea.

Mchana ule, mguu ukiwa kwenye kanyagio la cherehani, simu ilimletea mluzi. Wasikilizaji wa Dar es Salaam waliukwepa, hawakuujua. Yeye aliujua tangu utoto: ndivyo warina asali wanavyomwita mlembe, ndege anayewaongoza hadi kwenye nyuki. Ila msimu wa asali ulishapita, na majangili nao walikwisha kujifunza kuuiga ili waitane. Mrina wa kweli angefuata nini huko sasa hivi? Kwenye sekunde ya kumi akabonyeza: jangili. Akaendelea na pindo la sketi.

Lakini mwaka ule mvua zilichelewa, maua yakachelewa, na asali nayo. Sindano ilimkuta Misigalo, jirani yake wa nyumba ya tatu, yuko juu ya mti. Usingizi ulimwahi kabla hajashika tawi, akaanguka.

Msibani wanaume waliitukana mashine mpaka wakachoka. Mmoja alisema itabidi sasa nyuki nao wapewe vitambulisho. Wakacheka kidogo, kicheko cha kujikaza. Mdogo wa marehemu akamwambia Nyanzala asijisikie vibaya, yeye anasikiliza tembo tu, kosa ni la lile dude.

Nyanzala aliacha kumenya viazi, akasogea mkekani hadi kwa mjane.

"Mama Kalunde, lile dude lilinisikiliza mimi. Mimi ndiye niliyesema jangili."

Mjane hakulia wala hakumsukuma.

"Kumbe wewe ndiye uliyemsikia mwisho," alisema. "Akishapiga mluzi huwa anaongea na yule ndege. Anamtania, anamwita shemeji. Alimwambia nini?"

Nyanzala alikiweka chini kisu cha viazi.

"Sijui, dada. Kipande kilikuwa cha dakika nzima, na ukishajibu kinafutika. Sikumsubiri aongee."