Dawa Iliyofia Mkononi

Walikutana kwa ugomvi. Ilikuwa asubuhi, dirisha la famasi limejaa watu hadi mlangoni, muuguzi wa wodi ya walioungua akapenya kwa viwiko, gauni lake jeupe limenyooka kwa pasi, akagonga kioo.

"Kaka, wagonjwa wangu hawawezi kungoja foleni!"

Mfamasia, shati la samawati, kalamu sikioni, hakuinua hata macho. "Na mimi sina mikono minane, dada."

Alipoyainua, akasahau vidonge alivyokuwa akihesabu. Mwezi haukuisha kabla hajaanza kumpigia simu kila jioni, na kwenye simu ya muuguzi jina lake likawa Mikono Minane.

Kisha wifi yake muuguzi, mke wa kaka yake, akaungua mkono kwa mvuke wa pasi kwenye duka lao la kufulia nguo, akalazwa wodini humo humo. Daktari akaandika dawa yenye vimeng'enya, ile inayokula nyama iliyokufa na kuiacha iliyo hai. Muuguzi akaichukua kwa Mikono Minane, pamoja na krimu nyeupe ya kuua vijidudu, huku wakitaniana dirishani.

Siku nane zikapita. Gamba la kidonda likabaki gumu kama soli ya kiatu. Daktari akakata shauri: Alhamisi mgonjwa aingie chumba cha upasuaji, gamba likwanguliwe kwa kisu.

Muuguzi akapandwa na mori. Alikumbuka kiyoyozi cha stoo ya dawa kilivyoharibika wiki nzima, dawa zikikaa kwenye joto. Akapiga simu.

"Umenipa dawa iliyooza!"

"Mpenzi, taratibu..."

"Usiniite mpenzi! Wifi yangu analia kila nikimfungua bandeji, wewe unanigawia uozo wa stoo!"

"Mimi? Unanijua mimi kuwa mtu wa namna hiyo?"

"Sikujui kabisa!"

Mfamasia akakata simu. Siku tatu muuguzi alimpigia, na siku tatu hakupokea. Jumatano mfamasia akatokea wodini, uso umemkunjamana, akasimama miguuni pa kitanda cha wifi.

"Mhudumie kama unavyomhudumia kila siku. Nataka kuona."

Muuguzi, meno yameumana, akasafisha kidonda kwa ayodini kama alivyozoea, akapaka krimu nyeupe, juu yake akapaka ile dawa.

"Hapo hapo!" mfamasia akafoka. "Ayodini inaua kimeng'enya. Krimu hiyo ina madini ya fedha, nayo inakiua. Dawa yangu haikufia stoo. Inafia hapa, mkononi mwako, kila asubuhi!"

Damu ikampanda muuguzi usoni. "Na krimu alinipa nani? Si wewe, huku ukinisifia nimependeza? Ulijua, ukanyamaza!"

Mfamasia akaichukua ile krimu, akasoma lebo aliyoibandika mwenyewe.

"Hebu nyinyi!" Wifi akajiinua kitandani. "Kumbe mnachumbiana juu ya mkono wangu? Mmoja anachekacheka dirishani, mwingine anapaka asichokijua, anayeungua mara ya pili ni mimi! Nendeni kwa daktari sasa hivi, wote wawili, mkaseme mlichofanya!"

Wakaenda. Daktari akawapasha hadi masikio yakawaka moto, kisha akaahirisha upasuaji kwa siku nne. Ayodini ikaondolewa, krimu ikaondolewa. Kidonda kikaoshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali tu, ndipo dawa ikapakwa. Siku ya tatu kingo za gamba zikaachia. Ya nne likang'oka pamoja na bandeji, na chini yake nyama nyekundu, hai. Wifi akaitazama, akalia, akawatukana tena.

Nje, kwenye korido, muuguzi akamkabili mfamasia. "Bado nimekukasirikia. Siku tatu unaninyamazia na mgonjwa anaumia!"

"Na mimi bado. Ulisema hunijui."

"Sasa unatakaje?"

"Nije kwenu nizungumze na kaka yako. Tukasirikiane nyumba moja, asiwepo wa kumkatia mwenzake simu."

Muuguzi akavua glavu, akazitupa pipani kwa nguvu.

"Jumapili," akasema. "Na wifi akikufukuza, sikutetei."