Abiria wa Upepo

Kwanza yalikuwa mambo ya vikanyagio, kitu kidogo mpaka kumwambia mtu unaona haya. Vile vyuma viwili vya abiria kuwekea miguu, huko nyuma ya pikipiki. Mwenye pikipiki hakupenda vikae wazi, maana vilikuwa vinanasa majani ya njiani. Kila akirudi safari alivikunja kwa ncha ya buti, huku mara moja, huku mara moja, ndipo aingie ndani kunawa uso. Mkewe akipita uani kuanika nguo, anavikuta viko wazi. Vyote viwili, vimelala sawasawa, kama mtu kashuka sasa hivi.

"We mwanaume," akamwambia siku moja, pini za kushonea ziko mdomoni, "huko milimani unapiga picha au unabeba watu?"

"Nabeba upepo."

"Na huo upepo una miguu?"

Mume akacheka, akaenda zake kulala. Watu walikuwa wanamwita Upepo, na jina lilimkaa vizuri, maana hata akiwa mezani anakula alikuwa kama mtu anayesubiriwa nje.

Kazi yao waliifanya wawili. Upepo alifunga kamera ndogo, kubwa kama kiberiti, kwenye kidevu cha kofia yake ngumu, akashika barabara za mbali, zile zinazozunguka milima na kupita kwenye misonobari na kutokeza juu ya maziwa. Njia nzima anaongea mwenyewe. Wasio na pikipiki, na wagonjwa waliolala kitandani, na walinzi wa mageti wenye usingizi, wote walimtazama kwenye simu zao wakajiona wako safarini. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Wateja wakipungua mchana alivuta mapazia ya chumba cha mbele, akavaa hedifoni, akaanza kukata video. Yeye ndiye aliyejua pa kuondoa honi, pa kuacha mvua isikike, pa kukificha kikohozi cha mume.

"Mimi nashona gauni na nashona barabara," alikuwa akisema.

Na kila video ilianza namna moja. Upepo anawasha, anapandisha kioo cha kofia, anapaza sauti: "Karibuni! Pandeni, tushike njia!"

Siku moja mke alikuwa anasoma maoni ya watazamaji, anacheka na wanaotania, anawapita wanaotukana. Mmoja kaandika: "Shemeji huyo nyuma mwambie avae kofia, trafiki watamkamata." Chini yake mwingine: "Hata mimi nimemwona. Nywele zote hizo!" Wa tatu akaweka vikatuni vya kucheka tu.

Akairudisha video. Kulikuwa na kona moja, jua liko mgongoni, na kivuli cha pikipiki kimelala mbele barabarani, kirefu, cheusi. Kivuli cha Upepo kilikuwepo na kichwa chake cha mviringo. Nyuma ya kichwa hicho palikuwa na kingine, kimeinama begani kwake kama mtu anayenong'ona, na nywele zake hazikuwa zinapeperuka. Pikipiki inakimbia vile, na nywele zimening'inia tu kama ziko chumbani.

Lakini mwanamke mwenye wivu anaona anachokiogopa. Yeye aliona mwanamke. Upepo alipoamka alikuta nguo zake ziko sebuleni kwenye mfuko.

"Nani huyo?"

"Nani nani?"

"Usinifanye mimi mtoto! Anayekulalia begani!"

"Haki ya Mungu, nilikuwa peke yangu."

"Peke yako na nywele mpaka kiunoni!"

Wakagombana mpaka majirani wakapunguza redio wasikie vizuri. Mwisho mke akatoka uani na beseni la nguo, kwa hasira akalibwaga juu ya kiti cha nyuma cha pikipiki. Upepo akaruka kutoka mlangoni kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Toa! Kiti hicho kina mtu!"

Halafu akasimama, mdomo wazi. Hata yeye hakujua neno lile limetoka wapi.

Wakaipeleka pikipiki kwa fundi, mtu mnene mwenye maneno mengi, aliyeitwa Spana. Akaizunguka, akaibonyeza nyuma, akapiga mluzi.

"Bwana Upepo, unasafirisha saruji? Tairi la nyuma limekwisha, springi zimelala. Huyu unayembeba ni bonge la mtu. Shemeji, samahani, si wewe, wewe hata kuku wanakuzidi."

"Mimi sijapanda pikipiki hii tangu masika," alisema mke.

Spana akacheka. Alipoona anacheka peke yake akafuta mikono. Akainama kuifungua springi, uso karibu na kiti, na hapo akarudi nyuma akashika pua.

"Nani kachoma nywele hapa?"

Yule mke akarudi nyumbani wivu umemtoka. Kilichoingia mahali pake kilikuwa kibaya zaidi. Akafunga mapazia, akaanza kutazama video za nyuma, moja baada ya moja, anatafuta kivuli, mpaka akafika kwenye ile ambayo kivuli kilikuwa na kichwa kimoja safari ya kwenda na vichwa viwili safari ya kurudi. Katikati palikuwa na kituo kimoja. Ni pale juu kabisa ya mlima, kwenye kona yenye kingo za chuma zilizopinda, ambapo Upepo alisimama kufuta ukungu kwenye kamera. Hapakuwa na nyumba wala mtu. Alipomaliza kufuta aliwasha upya, akasema maneno ya kufungulia video. Ila siku hiyo hakusema "Karibuni, pandeni."

Alisema, taratibu, kwa upole: "Karibu. Panda."

Mke akashika kifua. Ni yeye aliyemfundisha! Kabla ya safari ile alimwambia, jaribu mara moja, kila mtazamaji yuko peke yake na simu yake, usiwaite kama unaita mkutano, mwite mmoja, aone unamwita yeye. Na mume akatii, akaita mmoja, mahali ambapo mmoja alikuwepo.

Akafungua picha za safari ile zenyewe, zisizokatwa, akapandisha sauti. Upepo wa mlimani. Injini. Karibu, panda. Halafu kimya kidogo, kile ambacho siku ile alikikata bila kukisikiliza. Ndani ya kimya hicho kitambaa kikachakacha, picha nzima ikazama chini kidogo kama pikipiki inavyozama mtu akikaa, na sauti ikasema karibu kabisa na kamera:

"Nimepanda, bwana."

Akataka kuvua hedifoni. Kabla hajavua, sauti ile ile ikaendelea, na kwenye kioo video ilikuwa imesimama, haichezi:

"Na wewe wa nyumbani, baki nyumbani."

*

Mganga waliyempata alikuwa mwanamke mkavu, mkali, anayekaa nyuma ya duka la rangi. Aliweka hedifoni kwenye sikio moja tu, akasikiliza mpaka mwisho, akaitoa na kulifuta sikio kwa upindo wa nguo.

"Msinitolee machozi hapa," alisema. "Angekuwa amevamia ningemtoa kwa moshi, angeondoka anakohoa. Huyu hakuvamia. Ameitwa kwa adabu, akaitika kwa adabu. Hafukuziki huyu. Anashushwa."

"Anashushwaje?" mke akauliza.

"Alipopandia, na aliyempandisha. Mwambie tumefika, shuka. Akishuka, kaza mafuta uondoke, na usigeuke, hata uitwe na mama yako mzazi."

Upepo alikuwa anatazama mlango. Mganga akamshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga. Macho yalikuwa yanang'aa, ya mtu aliyeko mbali na anapapenda.

"Mume wako akienda peke yake hasimami," alimwambia mke kwa sauti ya chini. "Ameshamzoea. Siku moja watapita ile kona moja kwa moja, na kingo zile hazitawazuia. Nenda naye."

"Nikae wapi? Kiti kina mtu!"

"Nyuma yake. Si mnapanda mshikaki?"

Mshikaki ni watu watatu juu ya pikipiki moja, wamebanana kama nyama kwenye kijiti, na vijana huupanda kwa mzaha. Hapa hakuna aliyecheka.

Waliondoka jua limeshapanda, barabara kavu, mchana mweupe usio na mahali pa kujifichia. Mke alikaa nyuma kabisa, kwenye vyuma vya kufungia mizigo, na kati yake na mgongo wa mumewe palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, tupu, unaiona kabisa kuwa ni tupu. Akanyoosha mikono amshike mume kiunoni. Haikufika. Kitu kilikuwa kimejaa pale katikati, chenye joto la ukuta uliopigwa na jua, na kadiri walivyopanda mlima ndivyo kilivyomwegemea kifuani, taratibu, kama mtu anayejistarehesha, na harufu ya nywele zilizoungua na maji ya mtaro ikamwingia puani, ikamwingia mdomoni, na nywele zenyewe, ambazo macho hayakuziona, zikamgusa mashavu chini ya kioo cha kofia, ngumu kama nyuzi za gunia, na akajua kwamba akipiga kelele zitaingia kinywani.

Akasikia sauti ya mumewe ikimwambia, "Ruka, mke wangu, hapa pana majani, hutaumia," na mikono yake ikaanza kulegea yenyewe kabla hajaona kuwa mume kule mbele amefunga mdomo, na kwamba sauti imetoka hapa, kifuani pake.

Halafu akasikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa inamwambia Upepo, kwa deko, vile yeye alivyokuwa akimwambia zamani walipoanza kupendana: "Usisimame, mume wangu. Bado. Mbele ndiko kuzuri."

"Si mimi!" akapiga kelele. "Simama, si mimi!"

"Usimsikilize," ikasema sauti yake. "Si mimi."

Upepo akakaza mafuta. Kona ikaonekana kule juu, kingo za chuma zimepinda, nyuma yake mbingu tupu, na pikipiki ikazidi kunguruma na mlima ukazidi kuwajia, na yule mwanamke ambaye kuku wanamzidi akafumba macho, akajisukuma mbele ndani ya ule moto na zile nywele na ule uvundo, akasikia vidole visivyo vyake vikimshika taya na kumrudisha nyuma, akasukuma tena, mpaka mkono mmoja ukapita, akakunja ngumi akaipiga kofia ya mumewe kwa nguvu zote za mwili wake, na akapiga tena, na akapiga tena.

Breki zikalia. Pikipiki ikayumba, ikaburura tairi, ikasimama pembeni ya kingo. Vumbi likawapita.

"Sema," mke akahema.

"Sema," ikahema sauti ile ile.

Upepo akapandisha kioo cha kofia. Alikumbuka aliyoambiwa. Lakini ulimi wake ulikuwa umeshazoea kuita watu wengi miaka na miaka, na kwenye hofu ulikimbilia njia uliyoizoea.

"Tumefika," alisema. "Shukeni."

Springi za nyuma zikapanda juu, zote, mpaka mwisho. Wepesi ulimwingia Upepo kama pumzi ya mtu aliyeibuka kutoka majini. Akalia kwa furaha, akakaza mafuta, akaondoka. Nyuma yake mtu aliita, "Mume wangu!" Akaita tena, kwa kilio. Alikuwa ameonywa. Hakugeuka.

Aliteremka mlima wote anacheka na kulia. Kwenye kituo cha mafuta huko bondeni akasimama, akasema, "Mke wangu, tumemshusha!" Mtu wa pampu akamtazama.

"Unaongea na nani, kaka?"

Akapeleka mkono nyuma. Kiti. Vyuma vya mizigo. Hakuna mtu. Ndipo neno lake likamrudia masikioni, na akalisikia lilivyokuwa. Alikuwa amewashusha wote wawili.

Alivyorudi juu hakumbuki. Pale kwenye kona alikuta mtu mmoja tu, amekaa juu ya kingo za chuma, kofia kichwani, kioo kimefungwa, mikono magotini.

"Ni wewe?"

Akapandisha kioo. Uso wa mkewe, macho mekundu, alama za vidole kwenye taya.

"Uliniacha," alisema.

"Nilikosea neno."

"Ulikosea."

"Yeye yuko wapi?"

"Si umemshusha? Kaenda zake."

Upepo akataka kumwambia apande, lakini neno likagoma kutoka. Akatikisa kichwa tu, kuelekeza kiti. Yule mwanamke akaja, akamshika bega, akapitisha mguu, akakaa. Springi zikashuka.

Upepo akatulia, anasikiliza kwa mgongo. Upepo wa mlimani ulikuwa unatoka mbele, harufu ya petroli tu ndiyo aliyoipata. Akatafuta kichwani uzito wa mke wake, ule wa zamani, walipokuwa wawili tu kwenye kiti hiki na dunia ni yao. Ulikuwaje? Ulishusha springi mpaka wapi? Akatafuta, akatafuta, asiupate. Alikuwa amembeba mwingine kwa muda mrefu mno.

Mikono ikamzunguka kiunoni. Ilifika bila shida, vidole vikafungana juu ya tumbo lake.

"Sasa mbona huondoi?" ikauliza sauti ya mkewe, kwa deko.

Akaondoa.