Marehemu Alikuwa Hewani

Saa moja kamili asubuhi ya Jumatano, Ian Ochanda alikuwa akicheka redioni. Wakati huo huo alikuwa amelala chali chini ya ngazi za nyuma za Redio Bembeleza, mjini Kisii, macho wazi, damu imeshakauka kisogoni.

Inspekta Ruqiya Aden alichutama kando ya maiti akisikiliza. Sauti ilitoka kwenye redio ya muuza chai upande wa pili wa ukuta. Muuza chai hakujua lolote, na redio alikuwa ameifungulia hadi mwisho.

"Mama Bathsheba? Hapa ni mochari. Tuko na kijana yako hapa, Makori. Ameanguka na pikipiki. Kuja na shuka."

Ikasikika nduru. "Makori! Makori yangu!" Simu ikaanguka. Mbwa akabweka kwa mbali. Ochanda akaangua kicheko. "Mama, ni mchezo! Mama, umeshikwa! Halo?" Kisha muziki.

Sajini Osoro, aliyekuwa akizungusha utepe wa njano, alisonya. "Afande, huyu alijitafutia."

"Sajini, huyu yuko redioni ama yuko hapa?"

"Yuko hapa, afande."

"Basi fanya kazi ya aliye hapa."

Ruqiya alizaliwa mjini humo humo, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, na kazi ya upelelezi alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa. Alikuwa na mazoea ya kuandika saa ya kila jambo kwenye daftari lake. Vijana wa kituo walimcheka kwa hilo, lakini wakiwa mbali.

Daktari wa polisi hakuchukua muda. Fuvu lilikuwa limepasuka, na kifuani palikuwa na michubuko miwili, kila mmoja upana wa kiganja. Ochanda alikuwa amesukumwa. Alikufa jana yake jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili.

Ghorofani Ruqiya alimkuta Sheryl, fundi mitambo, macho mekundu, bado amevaa vifaa vya kusikilizia shingoni.

"Hiyo simu ilipigwa lini?"

"Jumatatu mchana, afande. Huwa tunarekodi. Kompyuta inacheza yenyewe asubuhi, ndiyo watu wanadhani ni laivu."

"Namba za watu mnazitoa wapi?"

"Wasikilizaji wanatuma. Mtu anatuma namba ya rafiki yake, na vitu za kumjua. Ochanda lazima amshukuru mwanzoni. 'Leo tumetumiwa na fulani wa mahali fulani.'"

"Leo hakumshukuru mtu."

Sheryl aliinamia kompyuta. "Mwanzo umekatwa. Ni Ochanda mwenyewe, jana saa kumi na mbili na dakika kumi. Mimi nilikuwa nimetoka saa kumi na moja."

"Kilichokatwa kipo?"

"Rekodi yenyewe iko, lakini aliiwekea neno la siri. Nipe muda niifungue."

Kufikia saa tatu, simu za Redio Bembeleza zilikuwa hazipokeleki tena. Kwenye Facebook watu walitaka Ochanda afutwe kazi, afungwe, acharazwe viboko sokoni. Wachache walijibu kwamba mzaha ni mzaha tu, nao wakatukanwa pamoja naye. Saa nne kina mama wa kanisa wakafika langoni na matawi mikononi, wakitaka wakabidhiwe mtangazaji. Walipoambiwa ameshakufa, mmoja akasema, "Basi Mungu amefanya haraka," na wakaanza kuimba.

Saa sita Osoro alileta karatasi mbili. "Afande, hawa ni watu arobaini na mmoja wameandika kwamba watamuua Ochanda. Na majina yao."

Ruqiya alizipitia, akamrudishia. "Hawa wote wamekasirika leo asubuhi. Ochanda amekufa jana jioni. Nataka aliyekasirika kabla ya nchi nzima."

Mlinzi wa lango, Ismael, alikuwa na kitabu cha wageni. Jumanne jioni kilikuwa na mgeni mmoja tu. Saa kumi na mbili na nusu, Makori, anamwona Ochanda, jambo la kibinafsi.

"Ulimwomba kitambulisho?"

"Alisema amesahau nyumbani. Alikuwa mpole, afande. Hakuwa kama mtu wa fujo."

"Alitoka saa ngapi?"

Ismael alikuna kichwa. "Sikumwona akitoka. Nilidhani amepitia nyuma."

"Alipitia nyuma kweli," alisema Ruqiya.

Namba aliyopigiwa Bathsheba iliwaelekeza Manga, na gari lilipoanza kupanda mlima Osoro alisema, "Makori ni wengi sana huku. Unaweza kuita Makori sokoni na nusu ya soko igeuke."

"Lakini Makori ambaye mama yake ni Bathsheba ni mmoja."

Boma la Bathsheba lilikuwa limejaa watu. Turubai lilikuwa limetandazwa juu ya migomba, na wanawake walikuwa wakimenya ndizi kwenye karai. Shangazi mmoja aliyejiita Tryphosa aliwapokea.

"Pole sana, mama," Ruqiya alimwamkia. "Tumekuja kumwona Bathsheba."

"Umechelewa, binti yangu. Tangu hiyo simu hakusema tena. Presha. Tulimpeleka hospitali Nyamira, na jana saa sita akatuacha."

"Na kijana yake, Makori?"

Mama Tryphosa alishangaa. "Hilo jina umetoa wapi? Huyo ni Thadeus. Thadeus Nyasani. Makori ni Bathsheba tu alikuwa anamwita."

Osoro alimwelezea pembeni. "Huku mtu ako na jina ya kitambulisho na jina ya nyumbani, afande. Hii ya nyumbani huwezi kuipata kwa karatasi yoyote."

"Yuko wapi?"

Mama Tryphosa alionyesha nje ya lango. Kijana wa miaka thelathini hivi alikuwa ameketi kwenye jiwe kando ya barabara, sahani ya chakula imewekwa chini karibu naye, haijaguswa. "Alililiwa hapa akiwa mzima. Mji wote ulipiga nduru. Wazee wamesema asiingie mpaka achinjiwe kondoo wa kumtakasa. Mama yake amekufa, na yeye hata mlango hajafika."

Simu ya Ruqiya ilitetema. Sheryl alikuwa amefaulu. Ruqiya akasogea nyuma ya gari, akaweka simu sikioni, akasikiliza sekunde kumi na moja. Kisha akaandika saa kwenye daftari.

Thadeus hakukimbia. Alipoona pingu alinyoosha mikono.

Kwenye chumba cha mahojiano mjini Kisii, alikataa wakili na akaomba maji. Alizungumza upesi, kama mtu aliyekariri.

"Mimi nilimuua. Alimuua mama yangu, nami nikamuua. Andika hivyo."

"Ulifikaje kwake?"

"Nilisikia mambo yake redioni, nikakasirika."

"Lini?"

"Asubuhi."

"Asubuhi ya leo Ochanda alikuwa ameshakauka damu."

Thadeus alikunywa maji.

"Jana uliandika Makori langoni. Kwa nini?"

"Hiyo jina haiko mahali popote."

"Iko redioni, Thadeus. Mji mzima umeisikia. Ochanda aliipata kwa nani?"

Ruqiya akaiweka simu katikati ya meza, akaibonyeza. Sauti ya Ochanda ikajaa chumbani, changamfu. "Leo tumetumiwa na Thadeus Nyasani wa Manga! Anamsalimia mamake mpendwa, na anasema mama huwa anamwita Makori. Thadeus, asante, ndugu yangu!"

Thadeus alifunika uso.

"Ulituma namba ya mama kwa nini?" Ruqiya hakuwa amepandisha sauti.

"Alikuwa anapenda hiyo programu. Kila asubuhi anacheka mpaka analia. Nikaona akisikika yeye mwenyewe atafurahi mwaka mzima." Alifuta pua kwa mkono. "Sikujua atataja mochari. Nilidhani atamwambia ameshinda ng'ombe."

"Endelea."

"Jumanne asubuhi nilimpigia Ochanda. Nikamwambia mama amelazwa, asitangaze. Akasema ataona. Saa sita mama akafa. Nikajua kesho yake atanishukuru, na shangazi watasikia, na wazee, na watu wote wamesimama kwa mazishi. Watajua ni mimi."

"Jioni ukaenda."

"Nilimpata kwa ngazi akienda nyumbani. Nikamwomba. Akanigusa bega, akasema, 'Wewe sikiliza tu kesho, usijali.' Nikaona ananicheka. Halafu akaniuliza, 'Mathe yuko aje?' Hiyo ya kumuulizia mama ndiyo ilinimaliza. Nikamsukuma. Sikungoja kuona."

"Ulisikiliza leo?"

"Nilisikiliza pale kwa jiwe."

"Ulisikia jina lako?"

"Hapana."

"Alilitoa saa kumi na mbili na dakika kumi. Wewe ulifika na nusu."

Thadeus alimtazama, na Ruqiya akamwonea huruma, jambo ambalo hakuliandika.

"Kwa hivyo ningemwacha..."

"Ungemwacha, kipindi kingepita, na sisi tusingekuwa na sababu ya kuitafuta rekodi."

Nje kelele zilikuwa zimeongezeka. Habari za kukamatwa kwake zilikuwa zimeshateremka mjini, na umati ulikuwa umejaa barabarani mbele ya kituo. Osoro alichungulia mlangoni.

"Afande, wanasema aachiliwe. Wanasema ni shujaa, amemlipia mama yake."

Thadeus alishika ukingo wa meza. "Afande, andika hivyo wanavyosema. Si uongo. Nifunge hata maisha. Lakini hiyo ya namba usiandike."

"Nitaandika ulichosema. Itasomwa kortini."

Alimsogezea maelezo. Akasaini polepole, Thadeus Nyasani, kwa mwandiko wa shule. Umati ulikuwa umepata mdundo sasa, mamia ya watu wakipiga makofi na kuita kwa pamoja jina walilolipata redioni. "Makori! Makori! Makori!"

"Afande," alisema Thadeus, "tafadhali, waambie wasiniite hivyo."

Ruqiya alitazama saa, akaandika na hilo pia.