Kidole cha Mama Hakikubali

Ndugu zangu, sogeeni niwasimulie, na mwenye simu mkononi aiweke pembeni kidogo, haitakimbia. Nani hapa ana mzazi anayeishi mbali naye? Basi haya yanakuhusu, usijifanye unaangalia dari.

Jumapili moja asubuhi kijana mmoja alifika kwa wazazi wake amebeba maboksi mpaka kidevuni. Nyumba ilikuwa imetulia. Mama yake alikuwa uani anaanika mashuka. Baba yake alikuwa sebuleni, kwenye kiti chake cha siku zote, redio mapajani, anabishana na msoma taarifa ya habari kana kwamba wamekaa meza moja. Ng'ambo ya ukuta ilisikika cherehani ya jirani yao, mama mmoja mshonaji ambaye wote walimwita Fundi.

Mama yake kijana huyo pale mtaani aliitwa Mama Dobi, kwa kuwa alifua nguo za watu tangu usichana wake mpaka magoti yalipogoma. Mzee aliitwa Mzee Redio, na sababu mmekwisha iona wenyewe. Shingoni mwa Mama Dobi ilining'inia simu ndogo ya vitufe, imefungwa kwa kamba ya kiatu. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini kwa simu ile hakuhitaji macho. Akikandamiza mbili kwa muda, anampata mwanawe. Akikandamiza tatu, anampata Fundi. Alikuwa akipiga hata huku anageuza mboga jikoni.

Na huyo mwana alikuwa nani? Alifanya kazi katika kampuni moja ya intaneti, mji mwingine, kwenye kitengo cha kupokea simu za wateja. Wenzake walimwita Zima-Washa, maana hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yake ya kwanza kwa kila ugonjwa. Picha zinakwama? Zima, subiri kidogo, washa. Kompyuta haioni mtandao? Zima, washa. Watu walicheka, lakini wengi walipona. Na kazini kwao kulikuwa na sheria moja: mteja akizima na kuwasha na bado haponi, usibishane naye. Unaandika ombi la kutembelewa, na mtu anatumwa nyumbani kwake. "Kosa haliangaliwi kwa sikio," msimamizi wao alizoea kusema. Shikeni neno hilo, tutalihitaji.

Jumapili ile Zima-Washa hakukaa. Alifunga kisanduku cha intaneti, akapandisha kamera juu ya kabati la sebuleni, halafu akatoa simu mpya, kioo kitupu, haina kitufe hata kimoja.

"Hiyo ya kabatini inafanya nini?" Mzee Redio aliuliza.

"Inaniwezesha kuwaona nikiwa kazini, baba. Kila saa."

"Na sisi tunakuona?"

"Hapana, hii ni ya kuona tu. Haina hata sauti. Yenye sauti nitawaletea baadaye."

"Ina macho, haina mdomo, inachungulia watu kwao. Huyo kwetu anaitwa mchawi."

Wote walicheka. Lakini mama alipoona simu yake ya vitufe inafunguliwa kamba ya kiatu, alisita. Mzee akamsaidia: "Usiache mbachao kwa msala upitao, wewe kijana."

"Baba, dunia inakwenda."

"Iache iende. Sisi tumekaa."

Zima-Washa aliitia simu ile kongwe kwenye mfuko wake, na njiani akaitupa pamoja na maboksi. Namba zilizokuwa ndani yake, za Fundi, za majirani, za mwenye duka, zilikwenda nayo. Hakuwa na nia mbaya, jamani. Alimpenda mama yake, na aliona haya akimwona na kitu kile kizee shingoni.

Mwanzoni simu mpya ilifunguliwa kwa namba ya siri. Mama Dobi hakuziona tarakimu vizuri kwenye kioo, kwa hiyo kila akitaka kupiga alikwenda ukutani, akaita, na Fundi akamfungulia. Mambo yalikwenda. Siku moja Zima-Washa, kutoka mezani kwake kazini, akamwona Fundi kwenye kamera, amesimama sebuleni kwao anabonyeza simu ya mama.

Alipiga papo hapo. "Mama, umempa mtu namba ya siri?"

"Fundi si mtu, baba. Ni Fundi."

"Hapana, mama. Watu siku hizi si wa kuaminika. Nitakuja niirekebishe hiyo simu."

Na kweli alikuja, ujio wa mwizi wa kuku, hata chai haikupoa. Alibadilisha namba ya siri, ikabaki kichwani mwake peke yake. Akamwambia mama kuanzia leo asikumbuke chochote, atumie kidole tu. Wakaanza kukisajili. Simu ikasema jaribu tena. Mama akaosha mikono. Jaribu tena. Akakifuta kwa nguo yake. Jaribu tena.

"Vidole vyangu vimeliwa na sabuni, baba," mama alisema, huku anacheka.

Na yeye akacheka, akadhani ni utani. Walihangaika mpaka simu ikakubali kwa shida, na Zima-Washa akaongeza na kidole gumba chake mwenyewe, kwa tahadhari tu. Akaaga.

Kutoka siku ile simu haikumfungukia tena yule mama. Nasema haikumfungukia. Ikipigwa, alikuwa anasugua kioo kwa kidole ili apokee, mara apate, mara akose. Mzee Redio ndiyo kabisa, aliapa hatakigusa kioo kile. Na Fundi, baada ya kusikia kwamba watu si wa kuaminika, alijisogeza mbali kidogo. Hakumlaumu mtu. Alikuwa anashona tu upande wake.

"Kidole hakikubali, baba," mama alimwambia mwanawe mara ya kwanza alipofanikiwa kupokea.

"Unabonyeza vibaya, mama. Futa kioo kwanza. Puliza kidole kikauke. Halafu bonyeza taratibu, usiondoe haraka."

"Labda nabonyeza vibaya."

Mwana akapiga tena wiki iliyofuata. "Bado hakikubali."

"Umefuta kioo?"

"Nimefuta."

"Umebonyeza taratibu?"

"Taratibu kabisa. Ungepita ukaiangalia."

"Wiki ijayo, mama. Kazi zimebana."

Sasa niambieni nyinyi. Mteja asiyemjua, mtu wa kumtukana kwenye simu, akimlalamikia mara mbili tu anaandikiwa ombi la kutembelewa. Mama yake mzazi anaandikiwa wiki ijayo! Mganga hajigangi, tunajua, lakini huyu hata aliyemzaa hakumganga. Na kila jioni alijiambia amewaona wazazi wake. Alikuwa amewaona kweli, wadogo, kwenye kona ya kompyuta yake.

Ikafika siku yenyewe. Ilikuwa siku ya kazi, jua limeshapanda. Zima-Washa alikuwa na mteja sikioni, bwana mmoja mkali ambaye filamu yake inakwama kila ikifika pazuri. Kwenye kona ya kompyuta, sebule ya kwao ilikuwa vilevile. Mzee Redio akainuka kutafuta betri. Akasimama. Akashika kiti, kiti kikamteleza, akaanguka ubavu, redio ikaanguka naye.

"Nizime sasa?" mteja aliuliza.

Zima-Washa alikuwa ameikodolea macho ile kona. Mama Dobi aliingia sebuleni akichechemea. Akapiga magoti, yale magoti yake mabovu, akamtikisa mumewe. Mzee upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea. Mama akaitoa simu kifuani. Akaweka kidole.

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapochoka. Alimwona mama yake anakitoa kidole, anachukua ncha ya nguo, anafuta kioo. Anapuliza kidole. Anabonyeza taratibu, bila kuondoa haraka. Alifanya yote aliyofundishwa, hatua kwa hatua, mwanafunzi mtiifu. Akafuta tena. Akapuliza tena.

Zima-Washa akaivua simu ya mteja masikioni, akapiga ya mama. Akaona kioo kinawaka mkononi mwake. Akaona kidole kinasugua, kinasugua, mpaka ikakatika. Akapiga tena. Kikawaka, kikasuguliwa, kikazima.

"Mama, toka nje! Piga kelele! Nenda kwa Fundi!" alipiga ukelele ofisi nzima ikageuka. Alikuwa anaipigia kelele kompyuta. Ile kamera haikuwa na mdomo, na yenye sauti aliahidi kuwaletea baadaye.

Mezani, kile chombo cha kusikilizia kilikuwa bado kinaongea: "Hallo? Nizime au niwashe? Hallo?"

Akapiga namba ya dharura. Akaombwa asubiri, ukapigwa muziki, muziki uleule ambao yeye huwapigia wateja wake. Hatimaye akapokelewa.

"Nyumba iko wapi?"

Akataja mtaa.

"Karibu na nini? Barabara ile imefungwa, mnaingilia upande gani?"

Hakujua. Hakujua kama imefungwa. Alikuwa ameingia na kutoka siku ile bila kuangalia.

"Kuna jirani? Tupe namba ya jirani atupokee njiani."

"Sina," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Sina namba ya jirani hata mmoja."

Na huku mama aliinua uso. Aliitazama kamera. Akainua ile simu kwa mikono miwili, akaielekeza juu kabatini, amwonyeshe. Midomo yake ilikuwa inatembea. Sauti haikuja, lakini mwanawe aliyajua maneno, alikwisha yasikia mara nyingi. Kidole hakikubali, baba.

Kisha mama akaiweka simu sakafuni, akashika kiti, akajiinua kwa taabu, akatoka. Sebuleni akabaki mzee peke yake, na mtoto wake anamwangalia kutoka mji mwingine, hana la kufanya. Mkono mmoja wa mzee ulikuwa unatafuta redio. Ukaigusa. Ukatulia pale.

Ilichukua muda. Siku ile Fundi alikuwa amekwenda kupeleka nguo za mteja, na mama alilazimika kutembea mpaka barabarani. Baadaye sana watu waliingia, Fundi mbele, utepe wa kupimia bado shingoni, hata viatu hakuvua. Wakambeba mzee. Picha ikabaki ya sebule tupu na simu inayowaka sakafuni, maana Zima-Washa alikuwa hajaacha kuipiga.

Alifika hospitali jua limeshaelekea kuzama. Mama yake alikuwa kwenye benchi la korido, Fundi pembeni amemshika bega. Hakuhitaji kuambiwa. Daktari alimwambia hata hivyo: kiharusi, na wamemleta akiwa amekwisha chelewa.

Alipiga magoti mbele ya mama yake. Mama ndiye aliyeanza.

"Nilifanya kama ulivyonifundisha, baba. Nilifuta kioo. Nilibonyeza taratibu. Sijui nilikosea wapi."

"Hukukosea, mama."

"Sijui nilikosea wapi," alirudia, kana kwamba hakusikia. Akatoa kifuani ile simu, ambayo Fundi alirudi kuiokota sakafuni, akamkabidhi. "Mpigie baba yako mdogo. Umwambie kaka yake hayupo."

Alipoipokea alimshika na mkono, na kwa mara ya kwanza tangu alete simu ile akaviangalia vidole vya mama. Vilikuwa laini, vyeupe nchani, vinang'aa. Hakuna mstari hata mmoja. Miaka yote ya sabuni na magadi, ya mashuka ya watu, ya ada ya shule yake yeye, ilikuwa imeifuta alama yote. Hakukuwa na kitu cha simu kusoma. Kosa lilikuwa pale, waziwazi, la kuonekana na yeyote ambaye angekwenda akatazama.

Akaweka kidole gumba chake kwenye kioo. Simu ikafunguka papo hapo.

Mama aliitazama, akaitazama tena.

"Kumbe inafunguka," alisema.

FUNZO

Sikuwasimulia haya ili mwogope simu mpya. Simu haina kosa, na kijana wa watu hakuwa mwovu. Siku hizi amemrudishia mama simu ya vitufe, na Fundi ndiye namba tatu tena, na kila Jumapili kijana yuko pale sebuleni. Lakini kile kiti kina nani? Hakina mtu.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kamera ni fimbo ya mbali. Intaneti ni fimbo ya mbali. Pesa unazotuma na zawadi unazoleta kwa maboksi nazo ni fimbo ya mbali, hata ziwe ndefu vipi. Aliye karibu na wazazi wako ni jirani, nawe ukimfungia mlango kwa jina la usalama, umewafungia wazazi wako ndani.

Kabla hujamwondolea mzee kitu alichokizoea, kaa naye umwone anavyokitumia. Jua majina ya majirani wa mama yako. Andika namba zao, na uwaamkie ukipita. Na siku mama yako akikwambia kitu hakikubali, usimwambie anabonyeza vibaya. Inuka, nenda, mshike mkono, utazame.