Shangazi wa Chiriku

Kila Jumapili alasiri baba aliweka kigoda mlangoni, penye mwanga, akamwita binti yake. Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakujua kunyamaza, alikaa sakafuni katikati ya magoti ya baba. Baba aligawa nywele kwa kitana, akasuka mstari baada ya mstari huku akipiga mluzi.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Kwa miaka kumi na mitano baba alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo. Nguo za bei rahisi kutoka nje zilipojaa sokoni, kiwanda kilifungwa. Mwaka huohuo ghala kubwa lilifunguliwa karibu na reli, wakatafutwa watu wa kufundishwa kuendesha mashine za kunyanyua mizigo. Mama alijaribu bahati yake, akapata. Tangu hapo mama ndiye aliyetoka alfajiri na viatu vyake vizito, na baba ndiye aliyepika, aliyefua na kusuka. Miezi ya kwanza wali wake ulikatwa kwa kisu.

"Uzi ukikatika, mfumaji halii," alisema kila alipounguza sufuria. "Anatafuta ncha, anaunga, kazi inaendelea."

Nyumbani Chiriku hakuona tatizo. Shuleni ilikuwa habari nyingine. Wenzake walipomuuliza nani anamsuka mistari iliyonyooka vile, alijibu bila kupepesa macho, "Shangazi yangu." Baba yake alizaliwa peke yake, dada hakuwa naye.

Njia ya mwongo ni fupi. Kwaya ya shule ilikuwa inakwenda kushindana Jumamosi, na mwalimu alitaka wasichana watano wa mbele wasukwe mtindo mmoja.

"Chiriku, mwombe shangazi yako aje Ijumaa," mwalimu alisema.

"Sawa, mwalimu," Chiriku alijibu. Siku zikapita, hakumwambia mtu.

Jumatano kiranja wa kwaya, msichana mrefu waliyemwita Twiga, alibisha hodi. Chiriku alikuwa nyuma ya nyumba akianika nguo. Alisikia kila neno.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimetumwa na mwalimu. Namuulizia shangazi yake Chiriku, yule anayemsuka. Ijumaa atakuja?"

Baba alikuwa na povu la sabuni hadi kwenye viwiko. Alijifuta mikono. "Shangazi ametoka," alisema. "Mwambie mwalimu atapata jibu."

Kisha akarudi kwenye beseni lake. Hakumgombeza Chiriku, wala hakupiga mluzi tena siku hiyo. Chiriku alitamani agombezwe. Baba yake, mtu asiyesema uongo, alikuwa amedanganya kwa ajili yake.

Mama aliporudi, Chiriku alimsimulia yote.

"Na mimi ninavyoendesha mashine, unaona haya?" mama aliuliza akifungua kamba za viatu.

"Hapana, mama. Wewe huwa nakuringia."

"Kumbe. Kazi yangu unairingia, yake unaificha. Na kichwa unachokwenda kuringia nacho, nani amekitengeneza?"

Chiriku alimfuata baba jikoni. "Baba, nisamehe. Nitawaambia mwenyewe."

"Wakikucheka?"

"Wacheke. Ila uje, baba."

Ijumaa Chiriku alisimama mbele ya kwaya. "Sina shangazi," alisema. "Niliwadanganya. Anayenisuka ni baba yangu, na yuko hapo nje."

Kicheko kikapita. "Mwanaume kusuka? Makubwa hayo," alisema msichana mmoja mwenye sauti nene, aliyecheka kuliko wote. Baba aliingia, kitana mfukoni mwa shati, akamsalimia mwalimu. Twiga akavuta benchi, akakaa. "Baba, nianze mimi. Usinivute tu."

"Nimeunga nyuzi nyembamba kuliko hizi mashine ikinguruma," baba alisema, akaanza.

Mistari ilitoka imenyooka, na vicheko vikaisha vyenyewe. Zamu ya Sauti Nene ilipofika, alikaa, kisha akasema polepole, "Baba yangu naye alikuwa kiwandani. Sasa anashinda kitandani, amegeukia ukutani. Mimi huwaambia watu amesafiri."

Baba hakusimamisha mikono.

"Kiwanda kufungwa si aibu ya baba yako," alisema, "na kumtunza mtu wa nyumbani kwako hakujamwaibisha mwanaume yeyote. Kinachotuaibisha ni uongo, kwa sababu unamfanya anayekupenda ajifiche. Chiriku ameunga uzi wake leo. Na wewe unaweza."

Alimaliza msuko wa mwisho, akaufunga.

"Jumapili mlete baba yako," alisema. "Mwambie nina kigoda cha pili, na wali wangu siku hizi unaliwa kwa kijiko."