Twiga Wadogo wa Jeremiah

"Ni polishi yako, Nthambi! Tangu ubadilishe kopo, twiga wangu wanapasuka kama mihogo!"

"Polishi yangu? Unachonga mti ambao bado unatoka maji, halafu unakuja kunililia mimi! Woi, jameni, mmesikia huyu?"

Walikuwa wamesikia. Pale kijijini Wamunyu nani asingesikia? Majirani waliokuja kuomba chumvi walisahau chumvi. Jeremiah alikuwa mchonga vinyago. Nthambi, jirani yake, mama wa Mumo, alivipiga msasa na kuvipaka polishi ya viatu ili ving'ae. Kalondu, bintiye Jeremiah wa darasa la sita, alikuwa akifagia uwanja, lakini ufagio ulikuwa umesimama mahali pamoja kitambo.

Kati yao alisimama Ramadhan, mfanyabiashara kutoka mjini Machakos, na gunia miguuni. Ndani mlikuwa na twiga waliorudishwa kutoka Nairobi, kila mmoja na ufa wake.

"Makelele siwezi kuyauza," alisema. "Mkiendelea hivi nitanunua kwingine. Mnajua ni nini kinapasua? Hamjui. Basi tuhesabu. Mama Mumo, mzigo unaokuja nusu paka polishi ya zamani, nusu ile mpya. Kalondu, wewe unasoma. Weka alama ya makaa chini ya miguu, tusije tukachanganya."

"Hesabu ya nini na mwenye makosa tunamwona?" Jeremiah aliguna.

"Hata mimi namwona," Nthambi alimjibu, akimkazia macho.

Siku zilizofuata kazi iliendelea kama kawaida. Kalondu akitoka shule alibeba twiga wapya kutoka pale babake alipochongea hadi nyumbani. Alitakiwa kuwalaza stoo, gizani, chini ya magunia, wakauke polepole kabla ya kwenda kwa Nthambi. "Kuni ndizo hukaushwa juani," babake alizoea kusema. Lakini kufunika na kugeuza kila mmoja kulichukua muda, na wenzake walikuwa wakimwita wakacheze kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Kwa hiyo wakubwa, ambao hawangetoshea kwingine, aliwapeleka stoo. Wadogo aliwapanga juu ya mabati ya kibanda cha kuku, nyuma ya nyumba. Jua liliwamaliza haraka, naye akaenda zake.

Ramadhan aliporudi, mzigo ulitandazwa kwenye mkeka na majirani wakauzunguka. Kalondu alileta vifuniko viwili vya kopo na maharagwe. Kila twiga aliyepasuka, haragwe moja. Polishi ya zamani, maharagwe sita. Polishi mpya, saba.

"Ni karibu sawa," Ramadhan alisema. "Polishi haina kesi."

"Si mnasikia!" Nthambi alipiga makofi. Jeremiah alikohoa.

"Hatujamaliza," Ramadhan alisema. "Watenge tena. Wakubwa huku, wadogo huku."

Safari hii kifuniko kimoja kilijaa. Kwa wakubwa yalikuwa maharagwe mawili tu. Mengine yote yalikuwa ya wadogo.

"Basi," Ramadhan alisema, akijipangusa mikono. "Wadogo ndio wabaya. Kuanzia leo nachukua wakubwa peke yao."

Nthambi aliketi chini. Wakubwa wanachongwa wachache mno kwa mwezi. Ni wadogo waliomlishia Mumo na kumlipia karo. "Sasa mimi nitapiga msasa mawe?" aliuliza.

Kalondu alikuwa bado ameshika haragwe moja, na lilikuwa limelowa jasho. Hakuna aliyemuuliza kitu. Angenyamaza tu, siku ingepita. Alitazama viganja vya Nthambi vilivyokwaruzwa na msasa.

"Si kwa sababu ni wadogo," alisema. "Mimi... mimi nawaanika juu ya mabati. Wakubwa ndio wanalala stoo."

Jeremiah aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba. Aliweka kiganja kwenye mabati, akakiondoa upesi kama aliyegusa sufuria jikoni. Aliporudi, hakumwendea Kalondu kwanza.

"Mama Mumo," alisema, "nilikusingizia mbele ya watu. Naomba msamaha mbele yao."

Kisha akamgeukia binti yake. "Kuanzia leo kati utacheza ukimaliza stoo. Umenielewa?"

"Ndiyo, baba."

Ramadhan alikubali kujaribu mzigo mmoja zaidi. Safari hii twiga wote, wakubwa kwa wadogo, walilala chini ya magunia, na Kalondu aliwageuza kila jioni. Lakini njia ya uani kwa Nthambi aliikwepa kwa aibu, akazunguka na ya barabarani.

Siku ya kuhesabu, kifuniko kilipata haragwe moja tu. Ramadhan alibeba mzigo wote. Jeremiah akamwambia Kalondu, "Mpelekee Mama Mumo hicho kifuniko. Wewe mwenyewe."

Nthambi alikuwa mlangoni akipakua muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Alilitazama lile haragwe, akacheka.

"Maharagwe yalituonyesha ni twiga gani wanapasuka," alisema. "Lakini sababu yalikuwa hayaijui. Wewe uliijua, na usingeisema, tungekuwa tumehesabu vizuri na kuamua vibaya. Kosa lako ulilitoa mwenyewe. Hilo mimi sitasahau. Mbona unanipitia mbali kama niko na ndui?"

Kalondu alitazama vidole vya miguu yake.

"Mumo, sogea huko! Lete sahani nyingine," Nthambi aliita, akishika pazia lisimzuie mgeni. "Ingia, mwanangu, tule kabla hakijapoa."