Mwaka wa Mavuno Ulioitwa wa Njaa

Kila asubuhi Kussia alichukua mkate na chai yake katika bwalo la chuo, akaenda kukaa kwenye meza ya pembeni. Baridi ya Dessie ilikuwa haijamzoea, wala yeye hajaizoea. Kwao ni Konso, kusini kabisa mwa Ethiopia, lakini serikali ilipowagawa wanafunzi wapya, yeye alipangiwa huku milimani, mahali ambapo hakuna aliyejua lugha ya mama yake.

Mchana ndio uliomuuma zaidi. Wenzake walizunguka sinia moja la injera, ule mkate mpana laini wa Kiethiopia, mikono ikipishana kwenye mchuzi, vicheko juu. Kussia alikula peke yake, haraka haraka, kama mtu aliyefukuzwa. Wiki ya kwanza walikuwa wamecheka Kiamhari chake, na tangu siku hiyo akaufunga mdomo. Nyumbani akipigiwa simu alisema, "Niko salama, baba," kisha akikata machozi yanamlengalenga.

Kitu kimoja tu kilimchangamsha, nacho ni somo la uchumi wa taifa zima. Mwalimu Zenebech alilifundisha kwa maneno ya kawaida.

"Mkulima anajua bei ya gunia lake," alisema siku moja. "Sisi tunauliza zaidi. Bei zote zikipanda pamoja, je, nchi imetajirika au bei tu ndizo zilizopanda?"

Akawapa kazi. Wachukue thamani ya vitu vyote vilivyozalishwa nchini kila mwaka, waondoe kupanda kwa bei, waone kama nchi ilisonga mbele kweli. Wafanye kwa vikundi vyao, kisha mmoja asome mbele ya darasa. Atakayeshindwa somo hili hataendelea na uchumi. Atahamishiwa idara nyingine. Kussia alishtuka, maana uchumi ndio uliomleta mbali kote huko.

Kiongozi wa kikundi chake alikuwa Yimam, kijana wa hapo hapo Dessie, mwenye maneno mengi kuliko redio.

"Konso! Tunakutana baada ya chakula cha mchana. Njoo, ndugu yangu."

"Nitafanya mwenyewe," Kussia alijibu, macho chini.

"Mwenyewe? Wewe ni wizara?"

Wenzake wakacheka. Kussia akaona wanamcheka yeye, akaenda zake maktaba.

Alifanya kazi kwa bidii, hilo hakuna wa kumnyima. Thamani ya mazao na bidhaa aliitoa katika taarifa za serikali. Bei alizitoa katika kitabu kilichoandikwa ng'ambo. Akapanga mwaka na mwaka, namba ikilingana na namba, akapiga hesabu. Jibu likamshangaza. Mwaka mmoja nchi ilionekana imeporomoka kabisa. Lakini mwaka huo yeye aliukumbuka vizuri! Mtama ulijaa maghalani hadi shangazi zake wawili wakaolewa msimu mmoja.

Aliinua kichwa amuulize mtu. Meza zote zilikuwa na watu, na hapakuwa na hata mmoja ambaye yeye angeweza kumwita kwa jina bila kuona haya. Akainama tena, akaandika jibu lake hivyo hivyo.

Siku ya kusoma, yeye alisimama peke yake. Alipofika kwenye mwaka ule, sauti ilitoka nyuma.

"Ndugu zangu, kumbe tulikufa! Tulifufuka lini?"

Darasa likaangua kicheko. Kussia alitamani ardhi impasukie. Mwalimu Zenebech alinyoosha mkono, kukawa kimya.

"Kuna kosa, Kussia, na si la hesabu. Litafute, unirudishie wiki ijayo."

Hakwenda bwaloni siku hiyo. Alikaa kitandani, simu mkononi, amwambie baba yake kwamba anarudi nyumbani. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Yimam, amebeba sinia, na nyuma yake wenzao wa kikundi wakasimama barazani.

"Lete hiyo kazi yako," Yimam alisema, akakaa bila kukaribishwa. Akatazama kidogo tu. "Aa, umechanganya miaka, bwana. Taarifa za serikali zinafuata kalenda yetu ya Kiethiopia. Kitabu cha ng'ambo kinafuata kalenda yao, na wao wametutangulia miaka saba, minane. Bei za wakati mwingine umezibandika kwenye mavuno ya wakati mwingine."

Kussia akajishika kichwa. Kosa dogo namna hiyo!

"Usijishike kichwa. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Hayat, yule pale mlangoni, ndiye aliyenikamata, akanicheka hadi nikaona aibu ya kula."

"Nilidhani mnanicheka mimi tu."

"Sisi tunacheka kila mtu. Wewe tu ndiye hukai ukapata zamu ya kutucheka."

Akakunja tonge la injera, akalichovya kwenye mchuzi, akalipeleka mdomoni mwa Kussia, kama wanavyofanya kwa mtu wao. Lilikuwa kubwa mno. Kussia alilitafuna huku machozi yakimtiririka, na hakuyaficha.

Wiki iliyofuata alisimama tena. Jibu sasa lilikuwa sawa. Mwaka wa mavuno ulikuwa wa mavuno. Angeweza kuishia hapo akapata sifa zake.

"Mwalimu, kosa sikuliona mimi," alisema. "Nilichanganya miaka. Aliyeliona ni Yimam. Mimi nilikataa kukaa nao."

Mwalimu Zenebech akamuuliza:

"Kule Konso, kuta za mawe za mashamba yenu ya mlimani, nani huzijenga?"

"Kijiji kizima, mwalimu. Hata mwenye shamba akiwa mgonjwa."

"Basi somo hili ulilijua kabla hujaja chuo. Uchumi wa taifa ni watu kutegemeana. Anachouza huyu ndicho anachonunua yule, na anachojua huyu ndicho kinachomponya yule. Umeonyesha bidii, na leo umeonyesha ukweli. Lakini msomi anayeona aibu kuuliza hujinyima mwenyewe, na hutunyima sisi wote alichonacho. Kakae na wenzako."

Kussia akatelemka jukwaani. Kwenye benchi la kikundi chake, Hayat alikuwa amekwisha kusogea kumpa nafasi.